Uzito wa Mtutu

Michezo miwili ya Olimpiki hupima uzito wa bunduki kwa sababu zinazopingana. Katika kulenga shabaha umbali wa mita 50, bunduki hairuhusiwi kuzidi kilo 8. Katika biathloni, ambako mshindani huteleza kwa skii juu ya theluji akiwa na bunduki mgongoni, hairuhusiwi kupungua kilo 3.5. Kanuni huwekwa palipo na kishawishi: anayepiga akiwa mahali pamoja angependa nzito zaidi, anayesafiri nayo angependa nyepesi zaidi.

Ninasoma shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo, na utafiti wangu unahusu mtetemo wa mitutu ya bunduki. Watu wengi wakisikia hivyo huniuliza kama nataka kuwa mwanajeshi. Wachache wanaozijua bunduki huuliza jingine: upi bora, mtutu mnene au mwembamba?

Jibu la darasani huanzia kwenye chuma. Bunduki inapofyatuliwa, mtutu hutikisika kama fimbo iliyogongwa, na risasi hupita ndani yake kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikitoka mdomo ukiwa umeinuka kidogo, itatua juu. Ukiwa umeinama, itatua chini. Hapo ndipo unene unaposaidia. Fimbo ya chuma ikifanywa nene mara mbili, ugumu wake wa kupinda huongezeka mara 16, ilhali uzito huongezeka mara 4. Mtutu mnene pia huchelewa kupata joto. Mlenga shabaha anayepiga risasi kumi au ishirini mfululizo anataka ya kwanza na ya mwisho zitue pamoja, na mtutu mwembamba ukishapata moto unaweza kuanza kuzitawanya.

Mwindaji hana risasi ishirini. Ana moja, pengine mbili, kutoka kwenye mtutu uliopoa tangu alfajiri. Kwa risasi hiyo, mtutu mwembamba uliotengenezwa vizuri unatosha kabisa. Akitaka njia ya kati, ataufupisha, maana mtutu mfupi hupinda kidogo zaidi, ingawa risasi itapoteza mwendo kiasi. Au atatafuta uliochongwa mifereji kwa nje: unakuwa mwepesi kuliko mtutu wa unene huohuo, na mgumu kuliko ule wa uzito huohuo.

Haya yote niliyajua kabla ya kwenda Liwale likizo iliyopita kumsalimia mjomba. Kwa misimu mingi alikuwa mfuata nyayo katika uwindaji wa kitalii upande wa Selous. Yeye huzungumzia bunduki kwa bega. Bega lake la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto, na ukimwuliza, atakwambia ni uzee.

Alinisimulia habari za mgeni mmoja aliyekuja na bunduki ya mtutu mnene kama mchi. Kambini aliijaribu kwenye karatasi, matundu yakakaribiana hata ukayafunika kwa shilingi. Kesho yake wakafuata nyayo za pofu. Pofu hutembea bila haraka, lakini hasimami, na wao walitembea tangu kulipopambazuka hadi jua la utosi. Bunduki ilikuwa begani kwa mjomba. Yule mgeni alikuwa na kofia na chupa ya maji.

"Alipiga vizuri?" niliuliza.

"Vizuri sana, mama. Yeye hakuwa amechoka."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mimi ndiye niliyebaki na neno hilo. Vitabu vya kuchagua bunduki humwonya mwindaji kwamba mtutu mzito utamchosha, mikono itatetemeka na usahihi alioununua utapotea. Hoja hiyo ni kweli kama anayebeba ndiye anayelenga. Wakiwa wawili, chuma humpa mmoja usahihi na mwingine maumivu, na hesabu bado inaonekana kuwa sawa.

Nilimwonyesha mchoro wa utafiti wangu. Mtutu umelala mlalo, mwisho wake wa nyuma umegusana na vistari vya mshazari, alama ambayo wahandisi hutumia kuonyesha kitu kisichosogea. Aliweka kidole hapo.

"Hapa umeshikwa na nani?"

"Ni ukuta, mjomba. Tunachukulia kwamba kuna ukuta."

Aliutazama kwa muda. "Sawa," akasema. "Ukuta hauchoki."

Jedwali langu la kulinganisha mitutu lina safu za kipenyo, urefu, uzito, ugumu na joto. Baada ya uzito nimeongeza nyingine: saa za kubeba. Msimamizi wangu ameuliza takwimu zake nitazitoa wapi. Nimemwambia naanzia Liwale.