Mkate Usiongoja

Je, umepata kumpikia mtu umpendaye? Mama yangu ni mzee. Meno yamemtoka, na mkate wa dukani humshinda. Basi kila Jumamosi mimi humwokea mkate laini wa kakao. Mkate huu hauhitaji hamira wala kuumuliwa: magadi ya kuokea yakutanapo na uchachu wa maziwa lala, hewa huzuka papo hapo na kuuinua unga. Sufuria naiweka juu ya makaa machache, na mengine nayatandaza kifunikoni. Lakini ukikawia kuuteka moto, hewa hutoroka, mkate ukawa mzito kama tofali. Wema kwa mzazi nao haungoji. Mwokee wako leo, angali akiweza kuonja.