Mwimbaji Atajwe Jina

Novemba 1902, mjini Calcutta, mwanamke aitwaye Gauhar Jaan aliimba mbele ya pembe ya kunasia sauti, akisikilizwa na fundi Fred Gaisberg aliyetumwa na Kampuni ya Gramophone ya London. Aliimba kwa muda wa dakika tatu hivi. Alipomaliza, kabla sindano haijaondolewa kwenye nta, alitamka jina lake kwa sauti kubwa, kwa Kiingereza. Hayakuwa majivuno. Sahani za santuri zilipigwa chapa Hanover, Ujerumani, na mafundi wa huko hawakuwa na njia ya kutofautisha mwimbaji huyu wa Kihindi na yule. Walihitaji kusikia jina ndipo walibandike.

Dakika tatu hizo zina kisa chake. Muziki wa kale wa India haukuumbwa kwa kipimo hicho. Mwimbaji wa raga huanza polepole, bila ngoma, akiitafuta sauti moja baada ya nyingine kama mtu anayeingia nyumba ya giza na kupapasa kuta zake. Sehemu hiyo ya kufungulia, iitwayo alap, peke yake yaweza kuchukua nusu saa. Ndipo tabla huingia na mzunguko wa mapigo huanza. Mzunguko unaopendwa kuliko yote ni tintal, wenye mapigo kumi na sita yaliyogawika mafungu manne. Wapenzi wa ushairi wa pwani watatabasamu hapa, kwa kuwa mshororo wa shairi letu nao una mizani kumi na sita, minane ukwapi na minane utao. Hakuna aliyemwiga mwenziwe. Ila sikio lililolelewa kwa shairi halipati taabu kujua mzunguko wa tintal unapofungwa. Tunaloliita bahari katika ushairi nalo liko karibu sana na raga: si wimbo mmoja, ni njia inayozaa nyimbo nyingi, na mjuzi huitambua kabla maneno hayajafika.

Santuri ya kwanza, basi, iliukata muziki huo kama anayekata kanzu kwa kipimo cha mtoto. Waimbaji walijifunza kusema kwa dakika tatu walichozoea kusema kwa saa nzima. Sahani ndefu ilipotokea mwaka 1948, kila upande ukichukua zaidi ya dakika ishirini, mlango ulifunguka kidogo. Ilipokuja sahani ya leza katika miaka ya 1980, yenye zaidi ya saa nzima bila kugeuzwa, ukafunguka wote. Hapo ndipo ziliposimama kampuni ndogo za santuri zisizo chini ya mashirika makubwa, zikajitolea kwa muziki wa kale wa India na nyimbo za ibada. Navras ilianza London katika miaka ya 1990, na Sense World Music ikawa na makao yake Leicester, mji wa viwanda vya nguo katikati ya Uingereza.

Leicester si jina geni Afrika Mashariki. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya mji huo ililipa tangazo katika gazeti la Kampala, ikiwasihi watu wasiende kwake kwa kuwa shule na nyumba zilikuwa zimejaa. Walikwenda maelfu. Wengine walikuwa wametangulia kutoka Kenya tangu 1968. Walifika na sanduku moja moja, kwa sababu ndivyo walivyoruhusiwa, lakini nyimbo hazipimwi uzito kwenye uwanja wa ndege. Kufikia mwaka 2006 mji uliotangaza kwamba hauna nafasi ulikuwa mwenyeji wa tamasha kubwa la muziki wa kale wa India liitwalo Darbar, na kampuni ya santuri ya mji huohuo ilikuwa ikirekodi na kutoa maonyesho yake.

Namna kampuni kama hizi zinavyojiendesha inastahili kuangaliwa kwa makini, maana si biashara ya kutajirisha. Sahani ya raga haiishi dukani kwa wiki moja. Huuzwa nakala chache, pole pole, kwa miaka mingi, kwa watu waliotawanyika toka Nairobi hadi Toronto. Kurekodi onyesho la hadhara ni nafuu kuliko kukodi studio kwa siku tatu, na aghalabu mwimbaji huimba vizuri zaidi mbele ya watu wanaomwitikia. Kinacholeta fedha ya kila siku ni nyimbo za ibada: bhajan za Wahindu, kirtan za Masingasinga, kawali za Waislamu. Mtu hununua raga kwa sababu anaipenda, ila bhajan huinunua kwa sababu mama yake huisikiliza kila alfajiri, na kanda ikichakaa lazima ipatikane nyingine. Katika India yenyewe, miaka ya 1980, kanda za bei rahisi zenye nyimbo za ibada na za lugha za majimbo ndizo zilizouvunja ufalme wa HMV na kuwainua wafanyabiashara wapya, akiwamo Gulshan Kumar wa T-Series, aliyeuawa kwa risasi nje ya hekalu mjini Mumbai mwaka 1997.

Wapo wanaouliza kama ibada ni kitu cha kuuzwa. Pwani swali hilo linajulikana. Kaswida na maulidi zimeuzwa kwenye kanda Unguja, Lamu na Mombasa, na wazee wengine walinung'unika, wengine wakanunua, na wengine walifanya yote mawili. Jamii nyingine za Kihindi zina tahadhari zaidi: ginan za Wakhoja Waismailia, tungo zilizopokewa kwa mdomo na kuhifadhiwa kwa hati ya Khojki, mahali pake pa kwanza ni jamatkhana wala si dukani. Tahadhari hiyo ina haki yake. Lakini kwa mwenye kutafsiri tungo za namna hii, sahani iliyorekodiwa vizuri ni mwalimu. Maneno ya Kabir au Mirabai yakiwa kwenye karatasi huonekana mepesi, karibu ya kitoto. Yakiimbwa, neno moja likirudiwa mara tisa kwa njia tisa, ndipo mfasiri anapotambua kuwa aliharakisha.

Pwani yetu iliingia katika historia hii mapema. Machi 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kuimba Kiswahili mbele ya mitambo ya Kampuni ya Gramophone, na sahani zao zikarudi Unguja na kuenea bara. Baadaye Assanand na Wanawe, wenye duka mjini Mombasa, walianzisha nembo ya Mzuri, iliyowapa taarab yetu rafu ya kudumu. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alizivika tuni za filamu za Kihindi mashairi ya Kimvita hata wasikilizaji wengine wakadhani tuni zilizaliwa Mji wa Kale. Huko juu kwenye mashamba ya chai, Kericho, duka la Chandarana liligeuka kampuni ya santuri na kuwarekodi wapiga benga Wajaluo na waimbaji Wakipsigis. Mwenye duka la mji mdogo wa milimani hakungoja jiji limletee ruhusa.

Ukitoka Kigoma mjini, ilikofika Reli ya Kati mwaka 1914, ukapanda kilomita 90 hivi kwenda Kasulu, kisha ukaendelea kaskazini hadi Kibondo, unapita nchi ya Waha: vilima vya kijani, migomba, maharage, ardhi nyekundu, na hewa ya baridi inayomshangaza mtu wa pwani. Nchi hii haikupata Chandarana wake. Serikali ya kikoloni iliifanya ghala ya nguvukazi. Waha walichukuliwa manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, na kuanzia 1944 wakala wa wenye mashamba, SILABU, aliratibu safari hizo. Kwa hiyo Muha aliisikia taarab ya Tanga kabla Mtanga hajausikia wimbo wa Kiha. Kilichoshuka pwani kilikuwa mikono, sauti haikuombwa.

Halafu, kuanzia miaka ya 1990, milima hiyo ikawa mojawapo ya mahali penye uimbaji mwingi wa ibada katika Afrika Mashariki yote, kwa sababu ambayo hakuna aliyeitamani. Vita vya Burundi na vya Kongo vililijaza eneo hilo kambi: Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu upande wa Kasulu, Kanembwa, Nduta na Mtendeli upande wa Kibondo. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kivu ya Kusini. Mwaka 2015 ilipokea umati mwingine wa Warundi, na Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Watu hawa walikuja na makanisa yao, na makanisa yakaja na kwaya. Wakongo wanaimba Kiswahili chao chenye ladha ya Kibembe na Kifuliiru, na magitaa yanayokumbuka rumba hata yanapotubu. Warundi wanaimba Kirundi, lugha ambayo Muha huielewa bila mkalimani, na ngoma zao ni zile ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014.

Nyimbo hizi zinarekodiwa. Kijana mwenye kompyuta, kinanda cha umeme na kipaza sauti kimoja anatosha kuwa studio. Zamani zilitoka kwenye kanda, kisha kwenye sahani za picha, siku hizi kwenye simu na kadi za kumbukumbu. Kwa hesabu ya wingi, milima ya Kigoma haina upungufu wowote. Kinachokosekana ni kile ambacho kampuni ya Leicester hukifanya kwa mazoea: kuandika. Juu ya jalada la sahani ya raga utakuta jina la raga, la mzunguko wa mapigo, la mwimbaji, la mpiga tabla, mahali na tarehe. (Mpiga tanpura, yule anayeshikilia sauti moja nyuma tangu mwanzo hadi mwisho, mara nyingi husahauliwa hata huko, wenye kazi ya subira wana bahati moja duniani kote.) Wimbo wa kwaya ukihama kutoka simu hadi simu, jina la mtunzi hudondoka kwanza, halafu la kwaya, mwisho faili hubaki na namba tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi, lakini sheria haina macho ya kumwona asiyetajwa.

Tena mtunzi huyo amefungwa miguu. Kanuni za kambi zimewazuia wakimbizi kwenda mbali zaidi ya kilomita nne bila kibali. Kwaya ya Nyarugusu isingeweza kupanda gari kwenda kuimba Kigoma mjini jinsi kwaya ya Kasulu inavyokwenda. Wimbo ulikwenda badala yake, Kasulu, Uvira, na kwa maelfu ya Wakongo waliopelekwa Marekani kuanzia miaka ya 2010. Unaposafiri bila jina, aliyeutunga anabaki kambini mara mbili.

Waasia wa Leicester walikuwa na vitu ambavyo watu wa Nyarugusu hawakuwa navyo: uraia au njia ya kuupata, benki, ruhusa ya kufungua duka. Kuwalinganisha kwa kila kitu itakuwa dhuluma. Lakini kuandika majina hakukungoja fedha. Kulingoja mtu mmoja mwenye wivu juu ya kazi za wenzake, aliyekataa sahani itoke bila kumtaja mpiga tabla. Kwaya nazo zina makatibu, na makatibu wa kwaya wana daftari. Humo yamo mahudhurio, michango na faini za waliochelewa mazoezini. Mstari mmoja zaidi kwa kila wimbo, nani aliutunga, wapi, siku gani, na maneno yake hayo sita au saba yatamkwe mwanzo wa kurekodi, kama Gauhar Jaan alivyoyatamka mwisho. Faili likipoteza jalada, sauti yenyewe itakuwa jalada.

Haraka ipo. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021 na waliobaki wakahamishiwa Nduta. Tangu 2017 zaidi ya Warundi laki moja wamerudishwa kwao, wengi kwa misafara ya mabasi iliyoanzia Nduta na kuelekea mpakani. Kila basi lilibeba simu nyingi, na ndani ya simu hizo nyimbo zilizotungwa chini ya maturubai ya Kibondo. Huenda abiria mmoja alijipoza njiani kwa wimbo asioujua mwenyewe, na aliyeutunga ameketi viti viwili mbele yake, akitazama dirishani.