Mgongo hauna spea, chagua shanta!

UKITAKA kupanda Mlima Kilimanjaro, kabla hujaulizia viatu na jaketi, ulizia kwanza shanta. Wengi wetu watoto wa mjini tukisikia begi la mgongoni tunafikiria lile la chuo, lenye mikanda myembamba kama tambi. Sasa wewe litie kilo 15 halafu panda nalo mlima, mabega yatakusimulia!

La kwangu nililipata Moshi, soko la Memorial, kwenye mitumba. Pale mabegi yananing'inia kama mikungu ya ndizi na kila muuzaji anaapa lake ni 'gredi wani'. Usibishane naye, we kagua.

Kwanza pima mgongo. Inamisha kichwa, papasa lile fupa linalochomoza chini ya shingo, pima kutoka hapo hadi usawa wa juu wa nyonga. Shanta lilingane na urefu huo. Mambo ya wewe ni mrefu au mfupi yaache. Pili, mkanda wa kiunoni. Uwe mnene na ukalie mifupa ya nyonga, maana huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito. Mikanda ya mabegani inazuia tu mzigo usikuvute nyuma. Tatu, likunje. Likijikunja kama mkeka, ujue halina fremu, mwachie mwenyewe. Nne, vuta kwa nguvu pale mikanda iliposhonewa. Mabegi mengi yanafia hapo.

Halafu jaribu na mzigo.

"Kaka, nijazie jinzi humo," nikamwambia muuzaji.

"Dada, unanunua begi au unahama?"

Alijaza, nikazunguka nalo soko zima, akinamama wa ndizi wakinishangaa. Halikuuma. Nikalipa.

Siku mbili baadaye tulikuwa lango la Marangu na gaidi wetu. Pale mizigo ya wapagazi, wenyewe wanajiita 'wagumu', inapimwa kwenye mizani, na mmoja hatakiwi kuzidisha kilo 20. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Wangefika Marangu wangemtaja na Mchaga!

Mgumu wetu mmoja alikuwa mtu mzima. Mzigo wa kazi kichwani, na mgongoni begi lake mwenyewe, mkanda mmoja umekatika, kaunga kwa kamba ya katani.

"Shikamoo mzee. Kamba ikikatika je?"

"Marahaba binti. Shingo inapokea."

Tulilala Mandara, kama mita 2,700. Kesho yake tukaenda Horombo, mita 3,720. Vitu vizito nilivipanga karibu na mgongo, usawa wa katikati, vyepesi nikaviweka chini, na shanta lilitulia kiunoni kama mtoto aliyelala. Mzee alitupita mapema tu. Wale 'pole pole' ni sisi. Yeye anawahi kupanga mizigo kabla wageni hawajafika.

Jioni nilimkuta amekaa nje ya kibanda, anajikanda shingo. Akaliangalia shanta langu, akaomba kulijaribu. Nikamfunga mkanda wa kiunoni, nikaukaza. Akatembea hatua chache, akasimama.

"Kumbe mzigo unaweza kukaa hapa," akasema, anajipigapiga nyonga. "Miaka yote hii mimi nabeba na shingo."

Akalivua taratibu, akanirudishia. Hakuniomba kitu. Alisema tu Januari watoto wanarudi shule.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukiwa unajadili bei na kampuni ya kukupandisha mlima, uliza pia wagumu wao wanabeba na nini. Bei ya kutupa ina mtu anayeilipa kwa shingo yake.

Mimi nilirudi Dar na nguo zangu kwenye salfeti. Kondakta wa basi alinicheka mpaka Korogwe. Mwache acheke, Memorial mabegi bado yapo.