Huyu Mtu Ni Mtoto wa Nani?

Nimeishi kwa kuuliza watu maswali. Tangu nilipomaliza Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, nimebeba hojaji za kila aina: kahawa, maji, chanjo, kisha Ebola. Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na mmoja kati ya kila wanne akasema ugonjwa huo haupo. Waliosoma namba hiyo wakiwa mbali waliona ujinga. Mimi niliwajua majirani zangu: tangu 2014 walikuwa wakizika ndugu waliochinjwa huko Beni, na magari mengi ya msaada waliyaona yakija kwa ajili ya homa.

Namba ile haikusema watu hao walithamini nini; ndiyo maana nilipopewa hojaji fupi ya tunu za mtu binafsi, niijaribu kwa Kifaransa kabla ya kutumika, niliipokea kwa moyo wote. Asili yake ni kazi ya mwanasaikolojia Shalom Schwartz. Inakuchorea mtu kwa sentensi moja au mbili, nawe unasema anafanana nawe kiasi gani, kwa ngazi sita. Ilitungwa hivyo makusudi ili hata asiyesoma sana aweze kujibu, na miongoni mwa watu wa kwanza kuijibu walikuwamo wasichana wa Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Kasindi.

Katika majaribio, mtu akishachagua ngazi unamwomba akueleze alichoelewa na kwa nini amechagua pale. Wengi walisoma kwa Kifaransa cha shule, wakanieleza kwa Kinande. Muuza vitenge mmoja wa soko kuu alifika kwa yule mtu wa hojaji anayetamani utajiri, akaweka karatasi chini.

“Mwana wangu, huyu mtu ni mtoto wa nani?”

“Hana jina, Mama.”

“Basi nitajifananishaje naye? Kuna tajiri anayesomesha watoto wa kaka yake, na kuna anayekula peke yake.”

Akachagua katikati.

Aliyenisumbua zaidi ni yule anayetaka kuishi mahali salama. Ilikuwa 2021, miezi ya mwanzo ya utawala wa kijeshi mkoani, na karibu kila mtu alichagua ngazi ya juu kabisa. Kitakwimu, swali linalojibiwa sawa na wote halitenganishi watu. Lakini mama aliyekimbia kijiji chake alisema usalama ni kwenda shambani na kurudi; mwanafunzi akasema ni kutembea usiku bila kujieleza kwa yeyote.

Nilipendekeza liongezwe swali la pili: salama dhidi ya nini? Nikajibiwa kwamba hojaji lazima ibaki fupi, na ilingane na ya nchi nyingine. Hoja hiyo ni ya kweli, maana kipimo kikibadilishwa kila mji hakuna cha kulinganisha. Hata hivyo niliyaambatisha maelezo ya wahojiwa yote kwenye ripoti, nikaomba yasitenganishwe na namba. Na vijana ninaowafundisha kazi hii leo huanza kwa kuandika sababu za watu; ngazi sita nawaonyesha baadaye.