Vishikio vya Abiria kwa Safari ya Matlock Bath

Matlock Bath haina bahari, lakini Jumapili ya jua utadhani uko ufukweni. Kijiji kimebanwa kwenye korongo la mto Derwent, huko Derbyshire, katikati ya Uingereza, na barabara ya A6 inapita chini ya majabali kando ya mto. Maduka yanauza samaki na chipsi, aiskrimu na peremende. Juu vinapita vigari vya waya vinavyopandisha watu Heights of Abraham tangu 1984. Halafu kuna pikipiki, zimepangwa ukingoni mwa barabara moja baada ya nyingine, wenyewe wanakunywa chai na kukagua za wenzao. Kwetu Tanga tungesema Raskazone ya sikukuu imehamia milimani.

Sisi tunakaa Derby, kilomita zipatazo 27 kutoka hapo. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, baba watoto yuko ghalani mchana. Jumapili asubuhi, watoto wakiwa madrasa, ndizo saa tatu tunazopata pamoja bila mmoja wetu kusinzia. Pikipiki yetu ni Yamaha ya safari ya mwaka 1998, ya shafti, tuliinunua imetumika. Mwenyewe wa kwanza alifunga keria ya sanduku na kung'oa vishikio vya abiria. Miaka miwili nilimshika mume wangu kiunoni, maisha yakaenda.

Januari niliteleza kwenye barafu nikitoka zamu, nikavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Plasta ilitolewa baada ya wiki sita, lakini nguvu ya kukamata haikurudi nayo. Anayekaa nyuma anajua: dereva akishika breki unamwagikia mgongoni, akivuta mafuta unarudi nyuma. Kumkumbatia mtu mwenye koti nene la ngozi kunataka viganja viwili vizima. Na kukaa upande, kama mama zetu wanavyopanda bodaboda na kanga zao, sheria ya hapa hairuhusu. Abiria anatanua miguu na kukanyaga vikanyagio vyake. Nikamwambia baba watoto, bila vishikio sipandi.

Seti mpya tuliyotajiwa ilikuwa pauni 140. Mwezi huo ada ya mdogo wangu, anayesoma Dodoma, ilikuwa inasubiri, na ada haishindani na pikipiki. Kuna mkanda anaovaa dereva kiunoni, una mikono ya kushikia, bei yake ndogo. Tuliuazima kwa rafiki. Unasaidia mjini, ila kwenye mteremko uzito wangu wote unamwangukia dereva, naye ndiye anayetakiwa kuwa huru.

Basi tukaenda Newark, kwenye uwanja wa maonyesho, siku ya soko la vipuri vya zamani. Mwenye kuzoea Kariakoo hatapotea: meza, maturubai, madebe ya bolti, wazee wenye vidole vyeusi vya grisi. Nilibeba kipande cha boksi nilichokitoboa kulingana na matundu ya fremu, kwa sababu vishikio vya modeli nyingine hufanana kwa macho tu. Seti ya kwanza ilikaa sawasawa, tena imepakwa rangi mpya. Rangi mpya kwenye kitu kikuukuu hunitia shaka, kama bandeji safi mno. Nikapitisha ukucha kuzunguka tundu, nikakuta ufa mwembamba kama unywele. Aluminiamu iliyopasuka pale inapobeba uzito, hata ya bure sichukui.

Ya pili ilikuwa chakavu, imechubuka, lakini nzima. Mzee akataka pauni 40. Akaniita "duck", yaani bata, ndivyo wanavyoitana huku kwa upendo. Waingereza madukani hawapatani bei, lakini pale wanapatana vizuri tu. Tukaishia 25.

Kufunga kulichukua nusu saa. Jambo moja la kuangalia: bolti za keria zilikuwa ndefu. Keria ikiondoka, bolti hizo zinagota mwisho wa tundu kabla hazijabana, na kishikio kinabaki kucheza huku spana inakwambia imekaza. Tukanunua fupi, pauni 4. Keria na sanduku lake tukaviuza pauni 30, ikarudi hela ya vishikio na bolti, na pauni moja juu.

Jumapili iliyofuata tulipita Belper na Cromford, alikojenga Arkwright kiwanda chake cha kusokota pamba kwa nguvu ya maji mwaka 1771. Mkono wa kulia ulishika nyuma na kuvuta, wa kushoto ulipumzika ubavuni ukisaidia kidogo. Breki ziliposhikwa sikumgusa mgongo. Mwezi ujao tunataka kufika Buxton, kilomita kama 35 mbele, kona nyingi zaidi. Sanduku hatuna tena, kwa hiyo sambusa nitazibeba mgongoni.