Tumbo Lililokuwa Kifuani

Kiungulia ni neno lililoumbwa kwa ustadi. Ndani yake mna kuungua, na kile kiambishi cha mbele kinaufanya moto huo uwe kitu chenye umbo lake, kama kikohozi. Ila neno lenyewe halisemi ni wapi panapoungua. Pwani hutajwa aghalabu kwa mzaha, akichekwa mlaji aliyezidisha achari, maana ni adha ya jioni moja tu.

Kwa kijana mmoja wa Songea, mwendesha bodaboda wa miaka 24, jioni hiyo ilidumu miaka miwili. Kila alipolala, maji makali yalimpanda kooni, na alfajiri aliamka na sauti ya kukwaruza na mbweu zisizokwisha. Akiulizwa anaumwa nini, alijibu kama wajibuvyo wengi: tumbo. Na neno tumbo, katika mitaa yetu, lina jibu lililokwisha kutayarishwa: vidonda vya tumbo.

Mama yake alimkorogea magadi. Magadi hayana uongo, huizima tindikali kweli, lakini kwa kitambo tu, kisha huacha gesi inayoisukuma juu upya. Jirani akaleta maji ya kabichi, mwingine unga wa mizizi usio na jina. Katika maabara moja ya mtaani alitobolewa kidole, akaambiwa ana wadudu, akameza dawa za wiki mbili. Miezi michache baadaye alipimwa tena, akaambiwa wadudu wangalipo, akameza tena; na mara ya tatu vivyo hivyo. Kila dozi ilikula hesabu ya siku kadhaa aliyopaswa kumpelekea tajiri mwenye pikipiki.

Wadudu hao si hadithi. Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wa Perth, Australia, ndio waliowatambua tumboni mwa wagonjwa, na mwaka 1984 Marshall aliwanywa yeye mwenyewe, akaugua, ili awaoneshe wenziwe waliokuwa wakibisha kwamba bakteria hao huwasha uvimbe tumboni. Tuzo ya Nobeli ikawafikia wote wawili mwaka 2005. Lakini kipimo cha damu hakimtafuti mdudu mwenyewe; hutafuta kinga ambayo mwili uliiunda kumpiga vita, na kinga hiyo hubaki muda mrefu baada ya vita kwisha. Tena wengi katika Afrika wanaishi na mdudu huyo bila ya kuumwa. Kijana alikuwa akitibiwa nyayo za mgeni ambaye huenda alikwisha ondoka.

Lililomkosesha usingizi zaidi ya moto ule ni kaburi la mjomba wake. Mjomba alianza kwa kushindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha maji, na watu wakasema tumbo. Ilikuwa saratani ya umio. Ugonjwa huo una ukanda wake katika Afrika, kutoka Ethiopia kushuka hadi Afrika ya Kusini, na Tanzania imo. Huwapata hata watu ambao hawajazeeka. Umio ni neno zuri lililokaa kamusini bila ya kushuka sokoni. Mtu asiye na neno la njia ipitayo chakula ataielezaje njia hiyo inapoziba?

Watu wa Songea wana hospitali ya rufaa ya mkoa pale mjini, na ile ya misheni huko Peramiho, kilomita zipatazo 24, walikofika Wabenediktini mwaka 1898. Kijana alikwenda katika mojawapo. Aliamkia, akaketi, akaanza habari ya tumbo. Daktari, mama wa makamo, akamkatiza.

"Mwanangu, hilo tumbo liko wapi? Nioneshe kwa kidole."

Kidole kikapanda, kikatua katikati ya kifua.

Hapo maswali yakageuka. Je, chakula kinakwama? Umekonda? Umetapika damu, au kupata choo cheusi kama lami? Yote hapana. Unakula saa ngapi? Saa nne usiku, chipsi mayai, baada ya kupeleka hesabu, kisha kitandani. Na mgongo unaouma kwa pikipiki, unautuliza kwa nini? Kwa diklofenaki, kila siku. Daktari aliweka kalamu chini aliposikia hilo.

Kipimo cha choo, kinachomtafuta mdudu mwenyewe, hakikumkuta. Diklofenaki ikakatazwa, akaandikiwa omeprazoli ya wiki nane, kidonge kimoja nusu saa kabla ya kifungua kinywa, na chakula cha usiku kitangulie usingizi kwa saa tatu. Ikishindikana, au chakula kikianza kukwama, itabidi amulikwe kwa kamera, hata kama ni kusafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam.

Jioni ile alitia tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda upande wa kichwani, kama alivyoagizwa. Mama yake alisimama mlangoni, akauliza iwapo kitanda nacho kinapanda milima ya Matogoro. Wiki ya tatu alilala hadi adhana ya alfajiri bila ya kuamka. Wiki ya tano moto ulirudi usiku mmoja, akakaa kitako gizani, akameza mate mara kadhaa, polepole, akisikiliza kama yanapita.