Mnara ndani ya Noah

Leo siandiki siasa, wala kesi za mahakamani, ingawa ndiko ninakoshinda wiki nzima na kalamu yangu. Leo naandika kuhusu magoti.

Mimi ni mrefu. Nina sentimita 196, yaani futi sita na inchi tano. Shuleni waliniita Mnara. Nilipoajiriwa gazetini wakaanza kuniita Mnara pia, na sikumbuki nani aliwaambia. Ukiwa mrefu hapa Bongo watu wanakuona una bahati, wanakuuliza kama unacheza basketi. Sichezi. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar aliyechukuliwa wa pili kwenye drafti ya NBA mwaka 2009, ana futi saba na inchi tatu, na mimi kila nikimkumbuka najiuliza swali moja tu: huyu bwana akija nyumbani anaendesha gari gani?

Najiuliza kwa sababu mimi naendesha Noah. Si ile mpya, ni ile ya zamani, ambayo mafundi wanaiita SR40. Ilikuwa ya baba mdogo. Amenikabidhi kwa sababu mgongo wake umegoma, na hapo ndipo habari yenyewe ilipo.

Baba mdogo naye ni mrefu, ananizidi mimi kidole kimoja hivi. Alianza na kipanya, zile HiAce za abiria, akipiga ruti ya Mbagala na Kariakoo miaka mingi. Ndani ya kipanya dereva anakaa juu ya tairi la mbele, kila shimo linampanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Baadaye akanunua Noah, akafanya kazi za kukodishwa. Sasa ana miaka 51. Msikitini anasali akiwa kwenye kiti cha plastiki, kwenye mstari wa wazee wa miaka sabini. Hospitali wanamwambia ni pingili za chini. Watafiti walishaonyesha siku nyingi kwamba madereva wa kazi wanaumwa migongo kuliko watu wengi, sababu ya kukaa saa nyingi na mtikisiko. Hilo ninalijua kwa kusoma. Kumwona mtu aliyenibeba mabegani nikiwa mdogo akishika ukuta ili ainuke ni jambo lingine.

Kwa hiyo aliponipa funguo sikufurahi sana kama mlivyotegemea. Niliona kama nimekabidhiwa gari pamoja na ule mgongo.

Haya, tuingie ndani ya gari lenyewe. Watu wakiniona nashuka kwenye Noah wanafikiri tatizo langu ni kichwa. Si kichwa! Noah ina paa la juu, hata nikivaa kofia ya mahafali sigusi. Tatizo liko chini. Wajapani wana sheria ya vipimo kwa magari madogo: urefu usizidi mita 4.7, upana mita 1.7, kimo mita 2, na injini ya petroli isizidi sisi 2000. Likizidi hapo linahesabiwa kundi lingine na linapewa namba ya kundi lingine. Sasa fikiria fundi mchoraji wa kiwandani ameambiwa ndani ya mita 4.7 apange watu wanane, mistari mitatu. Atafanya nini? Atamsogeza dereva mbele kadiri anavyoweza, atamkalisha wima kama mtu aliyekaa kwenye stuli, miguu ikining'inia chini. Kimo cha wastani cha mwanaume wa Kijapani ni karibu sentimita 171. Mtu wa namna hiyo akikaa pale anastarehe kabisa. Gari lilishonwa kwa mwili wake, kama suti.

Na hii Noah ya zamani, iliyotoka mwaka 1996, ina jambo lake jingine: injini imelala chini ya siti za mbele. Fundi akitaka kuifikia anainua siti. Kwa hiyo siti ya dereva haina uhuru wa kurudi nyuma ovyo, na chini yake pana joto. Foleni ya saa nane mchana Buguruni unakaa juu ya jiko. Noah iliyofuata, ya mwaka 2001, injini ikapelekwa mbele na mambo yakawa nafuu. Niliwahi kupita kwenye yadi moja ya magari Kinondoni nikaomba kujaribu kukaa tu, sina hela ya kununua. Ile Noah mpya goti langu lilipita. Wish ilinifaa zaidi kwa miguu, maana unakaa chini kama kwenye gari dogo na miguu inanyooka, ila paa likanisalimia. Sienta ndogo ile ya mwanzo, yenye urefu wa mita 4.1, tuiache. Kijana wa yadi alikuwa ananiangalia navyojikunja, akasema, "Utazoea tu, bosi."

Hilo neno utazoea! Ndilo neno alilokuwa akiambiwa baba mdogo miaka yote ile. Akazoea.

Wiki za mwanzo nilikaa kama nilivyoikuta siti, imerudishwa nyuma hadi mwisho wa reli. Hata hapo goti la kulia lilikuwa linagusa usukani kwa chini. Kila nikitaka kutoa mguu kwenye mafuta kwenda breki, inabidi kwanza nifungue goti kuelekea mlangoni, halafu ndipo mguu uhame. Kwenye foleni huoni tabu yake. Natoka Mbagala Kizuiani alfajiri, Barabara ya Kilwa, halafu Mandela, napita Tazara chini ya daraja la Mfugale, Buguruni, Ubungo, mpaka Mwenge, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni kusogea na kusimama.

Lakini asubuhi moja pale Mtoni barabara ilikuwa nyeupe. Nilikuwa kwenye hamsini, mwendo halali wa mjini. Mtoto wa shule, sketi ya bluu, akachomoka nyuma ya daladala iliyosimama. Nikaenda kukanyaga breki, goti likagonga usukani, mguu ukachelewa. Gari lilisimama. Yule mtoto aliweka kiganja chake juu ya boneti, akaniangalia, akaendelea kukimbia shuleni. Nilikaa pale mpaka wa nyuma wakaanza kunipigia honi.

Baadaye nilipiga hesabu. Kilomita hamsini kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde. Mguu ukichelewa nusu sekunde tu gari limeshakula mita saba. Noah nzima haifiki mita tano.

Jioni nikapita kwa baba mdogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamsimulia. Hakusema pole. Alishika fimbo yake akasema, "Twende kwenye gari."

Kwanza alinitazama navyokaa, kisha akasema, "Mwanangu, toa hilo daftari." Nilikuwa na daftari la kazi kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kama waandishi wote. Akasema ukikalia kitu upande mmoja nyonga inapinda, na ukikaa hivyo saa tatu kila siku, mgongo utakuja kudai. Yeye alikuwa anakalia pochi ya hesabu za siku. Kisha akanifundisha mpangilio, na alikuwa mkali kuhusu mpangilio huo. Unaanza na makalio, uyasukume mpaka yagote kwenye kona ya siti. Halafu miguu: kanyaga breki mpaka mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Ukishamaliza miguu ndipo uende kwenye egemeo la mgongo, halafu usukani, halafu kile kimto cha kichwa kilingane na kichwa na si shingo, na vioo viwe vya mwisho kabisa. Madereva wengi wanaanza na vioo.

Kwenye egemeo la mgongo tulibishana kidogo. Vijana wengi warefu wanalaza siti nyuma kama wamelala ufukweni Coco, mkono mmoja juu ya usukani. Goti linapata nafasi kweli, lakini bega linaachana na siti na shingo inajikunja mbele ili uone barabara. Kwenye Noah ni mbaya zaidi kwa sababu usukani wake umelala kama wa basi. Ukijilaza, ile sehemu ya juu inakukimbia. Na usukani wenyewe unapanda na kushuka tu, hauvutiki kuja kwako. Kipimo cha baba mdogo ni hiki: mabega yakiwa yamegusa siti, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani. Kisipofika, inua egemeo. Mikono ishike tatu na tisa. (Namaanisha namba zinavyokaa kwenye saa ya ukutani, msije mkaanza kubishana kama ni saa tatu asubuhi!) Na kama usukani wako una mfuko wa hewa, kifua kisiusogelee chini ya sentimita 25. Wafupi ndio wanaosumbuliwa na hilo, sisi warefu hapo tumepona.

Tulipandisha usukani hadi mwisho. Goti likapata upenyo wa kidole kimoja. Hakitoshi.

Fundi mmoja wa gereji jirani alikuja na dawa ya haraka: tukate reli, tutoboe nyuma zaidi, tuchomelee, siti irudi sentimita kumi. Bei yake ilikuwa ndogo, nikaanza kushawishika. Baba mdogo alikataa mpaka akasimama bila fimbo. Akasema zile bolti ndizo zinazokushikilia siku gari likigonga. Siti ikichomoka, mkanda utafunga nini? Tena siti hiyo lazima iinuliwe injini ikitaka huduma, ukichomelea umejifungia mlango wa jikoni. Mimi naongeza la kwangu: mkanda wenyewe umepangiwa mahali fulani begani na kiunoni. Ukirudi nyuma sana, unapita pasipo pake.

Dawa tuliipata Keko, kwa watu wa makochi. Mnajua Keko, ukitaka kitanda au sofa unaenda huko. Mzee mmoja pale alibonyeza egemeo la siti kwa dole gumba, akasema, "Hapa kuna sponji nyingi ya bure." Akafungua kava, akachonga ile sponji ya kiwandani upande wa chini, pale makalio yanapoegemea, akabandika nyembamba iliyo ngumu zaidi ili nisije nikahisi vyuma. Kwa kufanya hivyo nilirudi nyuma kama sentimita nne bila reli kuguswa. Kisha akashughulika na pa kukalia: akapunguza kwa nyuma kidogo, mbele akaongeza, ili paja lote lipate pa kulala. Mwanzo paja langu lilikuwa linaning'inia hewani kuanzia katikati, uzito wote unabaki kwenye makalio na kiuno. Nadhani maumivu mengi ya watu warefu yanatoka hapo, ila hawajui kuyataja, wanasema tu siti mbaya.

Mgongoni, pale kwenye bonde la kiuno, nimeweka kanga. Si utani. Kanga moja ya mama imeviringishwa kama ngata na kufungwa kwa nyuma ya siti. Kuna mito ya madukani yenye mikanda na majina makubwa, lakini kanga unaiongeza na kuipunguza unavyotaka, na ikilowa jasho inafuliwa.

Faida nyingine sikuitegemea. Kwa kuwa nimeshuka chini kidogo, sasa naziona taa za barabarani. Zamani nikiwa wa kwanza kwenye mstari pale Buguruni, ukingo wa paa ulizificha kabisa, nikawa nainama kama mtu anayechungulia uvunguni, au nasubiri honi za wa nyuma zinijulishe kuwa imewaka kijani. Na gia ya gari hili iko kwenye usukani, sakafu ni tupu, mguu wa kushoto una nafasi yake wa kunyooka. Hapo Wajapani nawashukuru.

Sijasema limekuwa sofa. Nikifika Mwenge nashuka, natembea mara mbili kuzunguka gari kabla ya kushika daftari, na wauza vinyago wameshanizoea. Lakini goti lina upenyo wa vidole vitatu, nimevipima, na mguu unahama kutoka mafuta kwenda breki bila kuomba ruhusa.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka baba mdogo kliniki Temeke. Alikaa mbele kushoto, siti ambayo haijachongwa, magoti yake yakiwa dashibodi. Muda wote alikuwa haangalii barabara, anaangalia mguu wangu wa kulia. Tulipofika akasema tumpeleke yule mzee wa Keko na siti hii pia. Nitafanya hivyo mshahara ukitoka.

Mwenye malalamiko ni dada yangu. Yeye ana futi tano na inchi mbili, anaichukua Noah Jumapili kwenda sokoni, na gari lilimfaa tangu siku ya kwanza kama limetoka kiwandani kwa ajili yake. Jana kanipigia simu anataka kujua nani kakata siti yake.